Sifuri Iko Juu

Wiki mbili baada ya kumzika Senje, mimi na binamu yangu Rispa tulikutana Gatina, Kawangware, kuondoa vitu vyake chumbani. Senje Robai alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, na Rispa ni binti yake wa pekee. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili ya jengo lililosimamishwa pale pale palipokuwa na ploti ya vyumba vya mabati vya kupangisha, maana Senje alikataa kuhama hata walipobomoa. Alijibanza kwa rafiki yake wa kanisani mpaka jengo likaisha, kisha akarudi kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo tu dukani. Tulipanga vyombo, tukakunja mablanketi, tukabishana kidogo juu ya cherehani. Kisha Rispa akafungua mkebe wa biskuti ambamo mama yake aliweka vifungo na sindano, na chini kabisa nikaiona kufuli. Ilikuwa nzito, ya zamani, kubwa kama ngumi ya mtoto, mdomo wazi, na kile chuma chake kilichopinda kilikuwa kimeshika kutu hata hakikubali kubanwa. Ufunguo haukuwepo. Rispa alitaka kuitupa pamoja na betri zilizokwisha. Nikamwambia hiyo ni yangu, nikaitia mkobani. Aliniuliza yangu vipi, nami nikajitia kuhesabu sindano, kwa sababu mimi si mtu wa kulia mbele ya Rispa.

Mwaka wa kufuli hiyo nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeanguka kemia. Nilitaka kusomea ufundi wa maabara, na chuo kilitaka C katika somo hilo. Mimi nilikuwa na D iliyonitazama kwenye karatasi ya matokeo bila aibu. Senje akasema nije kwake Kawangware nirudie mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Alitoa nafasi moja tu. Nikishindwa tena, ningeenda kukaa kwa mwajiri wake, Lavington, ambako yeye alikuwa akifanya usafi na kupika kila siku, na ambako mama mwenye nyumba alikuwa akiulizia msichana wa kulala pale pale. Hakulisema kama tishio. Alisema ni kazi safi, chakula kipo, na kwamba yeye mwenyewe imemlea. Lakini nilikuwa nimekwenda naye huko siku moja kusaidia kufua mapazia, nikakiona kijumba cha msichana nyuma ya tangi la maji: kitanda, ndoano ya kutundikia nguo, dirisha lenye vyuma, na mbele yake uwanja mrefu uliokwenda kuishia kwenye geti jeusi. Ufunguo wa geti ulikuwa kwa mlinzi. Niliporudi niliota hilo geti siku tatu mfululizo.

Kuhusu kufuli, kosa lilikuwa la Rispa, ingawa leo sote wawili tunacheka tukilisema. Rispa alipata mimba akiwa kidato cha tatu, na Senje alipofanya hesabu zake aliona jambo lilitokea mchana, saa ambazo yeye alikuwa kazini na chumba hakina mtu mzima. Hakumlaumu sana binti yake. Aliulaumu mlango. Rispa alipokwenda kuishi Riruta na baba ya mtoto, nami nikaingia na sanduku langu, Senje alinunua kufuli na kunieleza utaratibu kwa upole, kama anayenieleza mahali pa kuanika nguo. Angetoka saa kumi na mbili unusu asubuhi na kunifungia kwa nje. Angerudi saa kumi na moja jioni na kunifungulia. Katikati hapo nilikuwa na vitabu, chupa ya chai, chakula kilichofunikwa kwa sahani, na nyuma ya pazia ndoo yenye kifuniko. Niliuliza, je, nikiugua? Akasema jirani, Mama Shiru wa chapati, yuko nje. Niliuliza, je, nikichoka? Akanitazama kana kwamba nimeongea lugha ya nchi nyingine.

Kile chumba nakijua kuliko uso wangu. Kuta zilikuwa mabati yaliyovishwa katoni kwa ndani, na juu ya katoni Senje alikuwa amebandika kurasa za magazeti, kwa hiyo nilipokuwa nimelala chali nilisoma habari za mwanasiasa mmoja aliyeahidi lami, kila siku, ahadi ile ile. Taa ilikuwa ya mwenye ploti, naye aliizima asubuhi kutoka kwake. Mwanga wangu ulitoka kwenye dirisha la wavu lenye ukubwa wa daftari na kwenye nafasi iliyokuwa chini ya mlango. Kufikia saa sita joto lilikuwa limeshuka kutoka kwenye mabati na kukaa kifuani, nami nilivua kila kinachovulika, nikasoma nikiwa nimejifunga leso tu. Mvua ikija ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu iliyafunika masikio na sikuweza hata kusikia watu. Chakula nilikimaliza saa nne, si kwa njaa, ni kwa kukosa jambo jingine la kufanya, na njaa yenyewe ilikuja saa nane ikakuta sahani tupu. Nilimchukia Senje. Nalisema waziwazi kwa sababu msibani watu walisimama mmoja mmoja kusema jinsi alivyokuwa mpole, na ni kweli alikuwa mpole, na mimi nilimchukia kila siku ya kazi kuanzia saa kumi na mbili unusu, niliposikia chuma kikigonga chuma, hadi jioni niliposikia bunda la funguo likilia nje na mlango ukafunguka.

Mama Shiru alikuwa akikaangia chapati mbele ya mlango wetu, hatua nne hivi. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ploti na alikaa hapo kutwa nzima kwenye kigoda chake, kwa hiyo sauti yake ikawa redio yangu. Nilijua nani amegombana na mumewe, nani amehamia kwa siri, kanisa gani limegawanyika. Siku moja nikasikia mteja akiuliza kama ni kweli kuna mtu amefungiwa humo ndani. Mama Shiru akasema ni msichana wa Robai, anasoma. Yule mteja akauliza anasomaje akiwa amefungiwa kama kuku anayeatamia, na watu wakacheka. Mama Shiru hakucheka. Walipoondoka alinipitishia chapati chini ya mlango, imefungwa kwa gazeti, ya moto bado. Alikuwa na desturi moja ambayo ilinikera kupita kiasi. Kila siku, saa nne hivi na tena saa tisa, angeita bila kuinuka, "Minayo, uko?" Nami kutoka kwenye tanuri langu ningejibu, "Niko." Nilijiuliza huyu mama anadhani ningekuwa wapi.

Basi nilisoma. Shida yangu katika kemia haikuwa hesabu. Titresheni kwenye karatasi ilikuwa jambo ninaloliweza nikiwa nimesinzia. Unaweka kiasi unachokijua cha besi kwenye flaski, unatia matone mawili ya kile kiowevu kinachobadilisha rangi, halafu unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba chini, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Unasoma ni kiasi gani cha asidi kimetoka. Kuanzia hapo ni kuzidisha na kugawanya tu, na mtu anayejua kiasi kimoja anaweza kuvikamata vingine vyote. Nilipenda hilo. Katika mwaka ambao sikuwa na uwezo wa kufungua hata mlango, nilikuwa na uwezo wa kujua, kutokana na sentimita za ujazo ishirini na kitu za asidi, kilichofichwa ndani ya unga mweupe ambao sijawahi kuugusa. Shida ilikuwa mikono. Shuleni kwetu bureti zilikuwa nne kwa darasa zima, na waliozishika ni wale wenye vifua vya kusukumana. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimeisoma bureti kwa mbali, juu ya mabega ya watu.

Kwa hiyo nilijitengenezea yangu. Rispa alikuwa amesahau chupa ya mtoto ya kunyonyea, ya plastiki, yenye vistari vya kupimia maziwa ubavuni. Senje hakukosa mushereka, yale maji ya majivu ambayo kwetu hulainishia mboga ya mrenda, na ndimu zilikuwepo kila mara kwa ajili ya kifua chake. Nilichukua chai ya rangi nikaipoza, nikatia kijiko cha mushereka ikawa nyeusi kama kahawa, kisha nikajaza maji ya ndimu kwenye chupa ya mtoto na kuyadondosha kupitia ile chuchu, tone, tone, mpaka chai ikapauka ghafla na kuwa rangi ya asali. Nikaisimamisha chupa, nikasoma kilichobaki. Nilianzia namba ya chini, nikahesabu vistari kupanda. Nilifanya hivyo siku nyingi sana, labda mia, nikaandika majedwali kamili kwenye daftari kana kwamba kuna mtu wa kuyasahihisha. Senje alilalamika kwamba ndimu zinaisha haraka na kwamba chai ninayomwachia ina ladha ya sabuni, lakini hakunikataza.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kutoka. Nilitembea kutoka Gatina nikapita Gitanga Road, kwenye nyua zile zenye maua juu na nyaya juu ya maua, nikakata hadi Ngong Road na kuteremka Kibera, ambako Mwalimu Ogutu, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alifundisha watahiniwa wa kibinafsi katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Nilipewa saa za kwenda, saa za darasa na saa za kurudi, na nilizitumia zote kwa uchoyo. Hata vumbi la njiani nililifurahia. Mwalimu alikuwa na bureti moja, iliyovunjika ncha, na sisi tulikuwa kumi na sita. Tuligawanywa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Achieng, wa hapo hapo Kibera, msichana mrefu aliyekuwa na mikono isiyotetemeka na mdomo usiopumzika. Yeye alishika bomba na kusoma namba kwa sauti; mimi niliandika jedwali na kupiga hesabu. Nilimwomba mara moja tu tubadilishane. Akasema, "Manze Minayo, wewe ni kichwa, mimi ni mkono. Tukichanganya tutaharibu." Nikakubali. Nilikuwa nimeshazoea kukubali.

Mwalimu Ogutu ndiye aliyetufafanulia jambo ambalo wengi wetu tulilijua nusunusu. Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa shule tutakayofanyia naye hufanya jaribio lile lile kwa vimiminika vile vile, na namba atakayoipata inatiwa kwenye bahasha pamoja na karatasi zetu. Mtahini haangalii namba yako peke yake. Anaangalia iko karibu kiasi gani na ya mwalimu. Ukiikaribia unapata alama zote, ukipotea kwa sentimita nzima alama zinakwenda. Hapo ndipo vijana walipoanza kuvutiwa na somo. Kumbe kazi si kutafuta ukweli, wakasema, kazi ni kutafuta alichopata mwalimu. Wakafanya mizaha ya namna ya kuipata. Mwalimu Ogutu aliwaacha wacheke, halafu akasema kwamba namba ya kuiba haina mguu, haijui imetoka wapi, na swali la pili litaiangusha. Mimi niliyaandika hayo pembeni mwa daftari, nikajiona mtu safi kuliko wenzangu, na kiburi hicho nilikibeba hadi siku yenyewe.

Tulifanyia mtihani katika shule moja upande wa Kibera ambayo sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale si hatia ya mtu. Maabara ilikuwa ya kweli, yenye mabomba na meza ndefu za mbao, na kila mtahiniwa alikuwa na bureti yake. Nilipoiona yangu, nzima, imesimama imeshikwa na kibanio, nilihisi machozi. Swali lilikuwa la zile fuwele za magadi zilizobeba maji ndani yake: pima, kisha tafuta kila chembe imeshika molekuli ngapi za maji. Nilijaza asidi mpaka kwenye sifuri. Nilifungua bomba. Njano ikakaa njano, ikakaa njano, kisha ikaguswa na rangi ya chungwa na ikabaki hapo. Mikono yangu haikutetemeka. Nilichuchumaa nikaweka jicho sawa na kimiminika, kama nilivyofanya mara mia kwenye lile sanduku lililokuwa meza yangu, nikasoma: ishirini na tatu nukta tano. Nikarudia. Ishirini na tatu nukta tano tena. Nilizitazama zile namba mbili zilivyolingana, nikamhurumia Achieng, aliyekuwa meza ya mbele yangu, kwamba hana mimi wa kumwandikia.

Nyuma ya ubao palikuwa na stoo, na ukuta wake ulikuwa wa mbao nyembamba. Humo ndani mwalimu wa shule alikuwa akifanya jaribio lake, na nadhani alikuwa na msaidizi wa kumwandikia, kwa sababu aliisoma namba yake kwa sauti, kama Achieng alivyokuwa akinisomea. Ishirini na mbili nukta tano. Waliokuwa karibu na ukuta walisikia. Ilipita meza hadi meza kama upepo wa chini ya mlango, na Achieng akageuza shingo kidogo akaninong'oneza, "Ishirini na mbili nukta tano. Andika tu." Nilimpuuza. Yangu ilikuwa imetoka mara mbili, kwa mikono yangu mwenyewe, na wao walikuwa wanaiba ya mtu. Nikaingia kwenye hesabu nikiwa na furaha ya mtu mwema. Nikazidisha, nikagawanya, nikatoa, nikapata molekuli za maji tisa na sehemu tatu za kumi. Nikarudia nikapata hiyo hiyo. Maji hayakatwi vipande. Nikachukua ile namba iliyonong'onwa, kwa siri hata kwangu mwenyewe, nikaipitisha kwenye hesabu pembeni kwa penseli. Ikatoka kumi kamili.

Wakati huo huo msimamizi alisimama. Alikuwa mama mnene mwenye sweta la kijivu, ambaye mpaka hapo alikuwa akitembea kimya. Alisema amesikia minong'ono na amesikia ni ya nini. Hatamtafuta aliyeanzisha. Lakini kuanzia sasa atapita meza kwa meza, na yeyote atakayemkuta amekata namba kwenye jedwali na kuandika nyingine, ataandika namba yake ya mtihani kwenye ripoti, na huko mbele watajua la kufanya. Nilielewa la kufanya ni lipi. Ni matokeo yote kufutwa, si ya kemia tu. Nikaitazama bureti yangu kama anayemtazama mtu aliyemsaliti, na ndipo nikaona. Sifuri ilikuwa juu. Namba zilikuwa zikishuka. Ishirini na mbili ilikuwa juu ya ishirini na tatu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye ishirini na tatu na kuhesabu vistari vitano kupanda, kama kwenye chupa ya maziwa ya mtoto, wakati nilipaswa kuanzia ishirini na mbili na kushuka. Nilikuwa nimejifundisha kosa mara mia, kwa bidii, peke yangu, bila mtu wa kuniambia.

Sijawahi kubanwa namna ile, si ndani ya chumba, si popote. Nikiacha nilichoandika, nimeanguka, na geti jeusi la Lavington linaningoja. Nikikata na kuandika kilicho kweli, mimi ni mwizi, kwa sababu kweli yangu na ya kuibwa zilikuwa namba moja. Mbele yangu Achieng alikuwa ameweka kalamu chini na mabega yake yalikuwa yameinuka hadi masikioni. Yule mama alikuwa meza mbili nyuma. Nilisikia viatu vyake. Nilifanya nilichokuwa nimezoea, nikakaa kimya, nikangoja apite. Akapita. Aliponipa mgongo mkono wangu uliinuka, na sijui hadi leo uliinuliwa na nini. Sauti haikutoka mara ya kwanza. Ya pili ilitoka kubwa mno na maabara nzima ikageuka.

"Madam, naomba uje uone."

"Nione nini?"

Nikamwambia nimeisoma bureti vibaya mara mbili, nimehesabu nikitokea chini, na kwamba nataka kurudia ya tatu mbele ya macho yake. Nilimwambia pia, maana sikuona faida ya kuficha, kwamba ile namba ya minong'ono nimeisikia kama kila mtu. Kisha akasogea, akasimama begani kwangu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye sweta lake, akakunja mikono. Nilijaza upya. Nilifungua. Nikasubiri njano ichoke. Tone la mwisho lilining'inia kwenye ncha kama halitaki kushuka, likashuka, na rangi ikageuka na kubaki. Aliinama kabla yangu, akasoma mwenyewe. Halafu akaniuliza, "Sifuri yako iko wapi?" Nikasema iko juu. "Basi hesabu ukitokea huko," akasema, "na uandike ulichokiona." Nikaandika ishirini na mbili nukta tano, nikapiga mstari mmoja mmoja juu ya zile za kwanza. Akaenda kwenye meza yake, akafungua daftari, akaandika kitu. Sikujua ni nini.

Kwa hiyo kungoja kwangu kulikuwa kwa aina yake. Wenzangu walingoja alama. Mimi nilingoja kujua kama nipo kwenye orodha au nimefutwa. Mtihani ulipokwisha Senje hakunifungia tena, lakini Januari alinipeleka Lavington nianze kuzoea, kama alivyosema, na nikalala kwenye kile kijumba nyuma ya tangi. Nilipiga pasi mashuka ya watu. Nilikula mezani jikoni, peke yangu, chakula kizuri ambacho kilinikwama. Kila jioni nilisikia mlinzi akivuta geti na kulifunga, nami nikajiambia kwa sauti, ili nizoee, kwamba hapa ndipo. Matokeo yalipotoka Senje alikuja nayo mwenyewe, ametembea kutoka Kawangware akiwa na viatu vya kanisani, akanipa karatasi bila kunitazama. Kemia, C jumlisha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Sijapata kujua yule mama wa sweta la kijivu aliandika nini. Nimekuwa msaidizi wa maabara katika shule ya upili kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na kila Januari, kabla mwanafunzi hajagusa bomba, namwambia aniwekee kidole kwenye sifuri.

Hayo yote nilimsimulia Rispa siku ile ya mkebe, tukiwa tumekalia mablanketi, kufuli nimeitoa tena mkobani, iko mapajani mwangu. Mama Shiru alikuja katikati ya simulizi. Amezeeka, amepanda ngazi akishikilia ukuta, na alikuwa ametuletea chapati kwenye gazeti kwa sababu kuna mambo hayabadiliki. Alipoiona kufuli alianza kucheka, akacheka hadi tukampa kiti. Akasema hiyo kitu ilipoteza ufunguo mwezi wa tatu wa mwaka ule. Ulimponyoka Robai chooni, yeye Mama Shiru akiwa nyuma yake kwenye foleni, wakausikia ukianguka. Robai hakuwa na nia ya kununua nyingine. Kila asubuhi aliitundika kwenye komeo ikiwa wazi, ameigeuza uso kwa mlango isionekane, na kila jioni alitikisa zile funguo za kwa mwajiri wake kidogo kabla ya kuitoa.

Nikamwambia haiwezekani, ningejua. Akaniuliza ningejua vipi na nilikuwa ndani. Kisha akaacha kucheka na kunisogelea. Alisema Robai alimwambia yeye peke yake, kwa sababu ya moto, maana mabati yale yakishika hayangojei mtu. Na kulikuwa na agizo jingine.

"Aliniambia, huyu mtoto akikuita, mfungulie. Usimuulize anaenda wapi. Lakini usimwambie, aite mwenyewe." Alinishika goti. "Mimi nikangoja uniite. Nilikaa hapo nje na sufuria yangu mpaka Novemba. Kila siku nakuuliza, Minayo, uko? Wewe unasema niko."

Nilikasirika. Nilitaka Senje awepo nimgombeze, nimuulize ni jaribio gani hilo alilonifanyia bila kuniambia na namba yake aliitia kwenye bahasha gani. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba mwaka ule mzima nilimwita mtu mmoja tu aje, naye alikuwa mgeni, yule mama wa sweta la kijivu. Baadaye Rispa akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ningeita, na Mama Shiru akafungua, ningekwenda wapi. Nilifikiria kwa haki, nikijitazama nikiwa na miaka kumi na tisa na leso yangu na daftari la majedwali.

"Chooni," nikasema. "Ningeenda chooni kama watu wengine, halafu ningerudi nisome."